Tembo akiacha kula kwa ajili yako, picha ushaikosa

Shikamooni wakubwa wote mliopo humu ndani, wadogo zangu mambo zenu, na nyie mliobanana kule nyuma karibu na mlango sogeeni mbele bana viti vipo, siumi.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema njoo Jumamosi utuongeleshe habari za lenzi na kamera za porini, nikamwambia sawa mkuu nakuja, sasa nimefika na nitamuangusha kidogo maana leo nimekuja kuongea habari ya chakula. Ndio, chakula. Tembo anavyokula. Lenzi mtaniuliza baadae tukiwa tunakunywa soda. Nimepiga picha za tembo miaka kumi na kitu sasa, na nikirudi kuangalia zile mbovu, ambazo ni nyingi kuliko nzuri na msiniambie nyie hamna, nyingi hazikuharibika kwa sababu ya kamera, ziliharibika kwasababu nilikuwa sijui mnyama niliyemuelekezea kamera anafanya nini.

Ngoja niwape kisa.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, niliuziwa na jamaa aliyekuwa anaachana na kazi za harusi, ina lenzi ya 70-300 ambayo ukiielekeza chini zumu inateleza yenyewe kama imechoka kuishi. Tukachanga mafuta washkaji wanne tukaingia Tarangire mwezi wa nane, na anayetuendesha ni mzee mmoja dereva wa watalii wa siku nyingi ambaye alikubali kwa vile tu ni ba'mdogo wa mmoja wetu. Saa nne hivi tukakutana na dume, peke yake, kando ya barabara, mkubwa, pembe ya kulia fupi kuliko ya kushoto. Yupo kwenye nyasi. Anazungusha mkonga, anang'oa kafungu, anakarusha, anang'oa tena. Mimi nimesimama kwenye paa nabonyeza tu, krakrakrakra, nikajisemea leo nimepata, tembo anakula mita ishirini toka nilipo na wala hana habari na mimi. Ghafla gari likarudi nyuma kwa nguvu mpaka nikajigonga kidevu kwenye chuma cha paa, kovu hili hapa mnaliona. Nikamgeukia ba'mdogo nimekasirika, mbona umeharibu! Hakunijibu. Akaenda kama mita mia akazima gari ndio akasema leta hiyo kamera yako.

Tukaanza kuangalia picha moja moja kwenye kile kioo kidogo cha nyuma. Akaniuliza, kijana, nionyeshe picha hata moja ambayo nyasi zimefika mdomoni. Fremu sitini na kitu. Hakuna hata moja. Nyasi zinashikwa, zinang'olewa, zinatupwa. Mguu wa mbele mmoja umenyanyuliwa kidogo na ukizipitisha fremu haraka haraka unauona unabembea, mbele nyuma mbele nyuma. Ncha ya mkonga inajisokota. Masikio yametulia tuli, hayapepei, na joto lote lile. Ba'mdogo akasema huyu hakuwa anakula, huyu alikuwa anajifanya anakula huku anatafakari akufanyeje, na alikupa muda wa kutosha kabisa wa kuondoka ila wewe ukamuona ni modo.

Dah. Yaani mimi nilikuwa natazama kwa lenzi ya milimita mia tatu, nikaona kila unywele wa kope, na nikashindwa kuona kilichoonwa na mzee aliyekaa kwenye usukani anatafuna bigijii.

Baadae nikaja kusoma kwamba watafiti wa tembo hilo jambo wanalijua siku nyingi. Tembo akiwa hana uhakika, njia panda, hajui aje au aondoke, anaweza akashika shika majani kama anakula na asile, sawa na mtu aliyeitwa na bosi ofisini akakaa pale nje anajikunakuna na kufungua fungua simu ambayo haina ujumbe wowote. Sasa wewe ukiipeleka picha ile na ukaandika chini tembo akipata mlo wake wa asubuhi, umedanganya umma, na tembo mwenyewe angeweza kusoma angecheka.

Kwahiyo somo langu lote la leo ni hili, jueni kula kwa kweli kukoje.

Tembo anayekula nyasi fupi za kiangazi, zile kavu zilizoshikana na ardhi, hang'oi hovyo. Anazizungushia ncha ya mkonga, na tembo wetu wa Afrika ana vidole viwili pale mwishoni, kimoja juu kimoja chini, yule wa Asia anacho kimoja tu. Zikigoma kung'oka anazipiga teke kwa kucha za mguu wa mbele, teke dogo la pembeni, unasikia kabisa krwt, krwt, kama mtu anaparua ukoko chini ya sufuria. Akishapata fungu lake anaona lina mchanga kwenye mizizi, basi hali hivyo hivyo, analikung'uta kwenye goti, pa! pa!, mara mbili tatu, vumbi linatoka. Halafu ndio anapeleka mdomoni na wakati huo huo mguu ushaanza kuandaa fungu linalofuata. Ukimtazama dakika tano unaona ana mdundo, teke, zungusha, vuta, kung'uta, mdomoni, teke, zungusha. Ni kama mama anayepepeta mchele, huwezi kumkuta amekosea hatua.

Na kutafuna kwake si kama ng'ombe. Wengi hapa tumechunga, ng'ombe taya linaenda pembeni, kulia kushoto. Tembo taya linaenda mbele na nyuma, kama mtu anayesaga kwenye jiwe la mkono. Mtu akikuletea katuni ya tembo anatafuna kama ng'ombe mwambie hajawahi kukaa naye.

Anayekula kwa raha masikio yanapepea taratibu kujipooza, mkia unatembea, jicho liko nusu, na ukiwa karibu na injini umezima utasikia ngurumo za chini chini, wale walio familia wanasemezana. Yangeyange wanamfuata miguuni wanaokota panzi anaowashtua. Hao ndege mi ndio saa yangu, yangeyange wakiruka wote kwa pamoja na tembo hajapiga hatua, naangalia kuna nini.

Sasa bonyeza lini. Hapa ndio watu wengi wanakosea hata wenye kamera za mamilioni. Mtu anasubiri mkonga uingie mdomoni ndio anapiga, kwasababu kichwani ana wazo kwamba kula ni mdomo. Mkonga ukishaingia mdomoni picha imekufa jamani! Inakuwa kama mtu amejiwekea soksi mdomoni, uso wote umezibwa na hamna kinachoendelea. Picha ziko kabla. Moja ni pale fungu linapotoka ardhini na mizizi inaning'inia na udongo unadondoka. Nyingine ni pale kwenye goti, vumbi linapolipuka, na ukiwa umekaa upande ambao jua liko nyuma ya tembo lile vumbi linawaka kama moshi wa jikoni unaopita kwenye dirisha. Na ya tatu, hii ya kuvizia, ni nusu sekunde kabla ya mdomo, mkonga umejikunja kama alama ya kuuliza, mdomo wa chini ule uliochongoka umefunguka na unaona ulimi wa pinki. Hio ukiipata nipigie simu hata saa nane usiku.

Kwa wanaotaka namba, haya andikeni, ila zisiwe msahafu. Vumbi kwenye goti mi naenda spidi ya shata ya 1/1600 au 1/2000 ya sekunde, chini ya hapo linakuwa ukungu tu. Kutafuna kwa kawaida 1/500 inatosha kabisa, hawakimbii. Mara moja moja shuka mpaka 1/30, kamera ikae kwenye kifuko cha maharage juu ya dirisha, mwili wa tembo utatulia na mkonga peke yake ndio utachora mawimbi, kati ya kumi utapata moja na hiyo moja utaipenda kuliko zote. Kifuko shona mwenyewe, mguu wa suruali ya jinzi kuukuu na kilo mbili za maharage, na mkikwama porini mnapika. Fokasi kwenye jicho, tena tembo jicho lake ni dogo na liko chini ya paji kwenye kivuli, kamera za siku hizi zinazojitafutia jicho zenyewe mara nyingi zinakamata pembe, kwasababu inang'aa, au mkunjo wa sikio, kwahiyo angalia. Na tembo ni mweusi mweusi akiwa ametoka majini, kamera itadhani ni giza itaongeza mwanga mpaka mbingu inaungua, punguza kidogo wewe mwenyewe.

Wenye simu msijisikie vibaya. Simu usiizumu mpaka tembo awe matofali. Piga pana, tembo awe mdogo na mbuyu uwe mkubwa, hapo simu inashindana na kamera yoyote. Na zima mlio.

Halafu kuna hili la haraka. Sijawahi kuelewa haraka ya nini. Tembo mkubwa anakula kama kilo 150 za majani kwa siku, saa kumi na sita na zaidi anakula, na karibu nusu ya alichokula kinatoka vile vile hakijasagika, ndio maana nyani wanachambua mavi ya tembo kama mtu anayechagua mitumba. Mnajua methali ya wapiganapo tembo nyasi huumia, mi naona wahenga walikuwa wapole, nyasi zinaumia hata wasipopigana, zinaumia toka asubuhi mpaka usiku wa manane! Kwahiyo umemkuta anakula na utamuacha anakula. Hamalizi. Ni mnyama pekee porini ambaye huna sababu ya kumuwahi, chui utamuwahi, tembo anakusubiri, na bado watu wanaingia na gari mbio vumbi timu timu wanafunga breki mita kumi kutoka kwenye familia, kila mtu pale anaacha kula, bibi anageuka, watoto wanaingia chini ya matumbo, halafu mtu anashusha kioo anasema mbona wamejificha.

Nije kwenye sehemu yenyewe. Mi naipenda Tarangire na sijifichi, ipo karibu na Arusha, kama kilomita 118, imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na ukubwa wake ni kilomita za mraba 2,850. Kinachofanya iwe ya tembo ni mto. Masika tembo wanatawanyika wanatoka mpaka nje ya hifadhi maana maji yapo kila mahali, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi kote kunakauka unabaki mto Tarangire na madimbwi na kinamasi cha Silale, basi wote wanarudi, makundi kwa makundi. Kwahiyo mkienda mwezi wa nne mkaniambia umetudanganya tembo hamna, mtakuwa mmejidanganya wenyewe.

Na hapa nina ugomvi na vitabu vya picha. Vyote vinakuambia piga alfajiri na jioni, mchana lala. Tarangire mwezi wa tisa mara nyingi tembo wanashuka mtoni jua likiwa limeshapanda, saa nne, saa sita, saa nane, kwasababu ndio kiu inabana. Ukilala umekosa. Mwanga ni mkali ndio, vivuli vibaya, basi geuza hio kuwa faida, ingia upande wa kivuli cha mbuyu, au ipeleke rangi nyeusi na nyeupe, ngozi ya tembo kwenye jua la saa sita ina mikunjo utadhani ramani ya mito yote ya Tanzania.

Mtoni nao mto wenyewe juu unaweza ukawa mchanga mtupu. Tembo anajua maji yapo chini. Anachimba kwa mguu, anamalizia kwa mkonga, anatoa mchanga anauweka pembeni, kashimo kanakuwa na upana wa ndoo hivi, halafu anasubiri. Maji yanajichuja yenyewe polepole. Anafyonza kidogo, anamimina mdomoni, anasubiri tena. Wengine wamesimama nyuma kwenye foleni na foleni hiyo ina adabu kuliko ya kwenye daladala zetu pale stendi. Akitoka tembo wanakuja wengine wadogo wadogo kunywa kwenye kashimo kake. Mi hapo nilikaa saa tatu siku moja na nilipiga fremu arobaini tu, mke wangu aliyekuwa nyuma alimaliza karanga zote.

Mibuyu sasa. Mkiingia tu getini mtaona mibuyu imechubuliwa magome mpaka usawa fulani, kama nguo iliyopanda juu. Ni tembo. Kiangazi anachoma pembe kwenye shina, anabandua utepe mrefu, anatafuna zile nyuzi nyuzi zina unyevu, zingine anazitema. Hapo mtaona kwamba tembo ana mkono wa kulia na wa kushoto kama sisi, anatumia pembe moja zaidi, na ile inachakaa inakuwa fupi, ndio yule dume wangu wa mwanzo alikuwa wa kulia. Ukishajua anatumia ya upande gani unajua usimame wapi, maana tembo wa kulia akifanya kazi kwenye mti utaona kichwa kimeinama kivyake. Hiki kitu kidogo kimenipatia picha nyingi kuliko lenzi yoyote niliyonunua.

Ndovu hashindwi na mkonga wake, si ndio tunavyosema? Aliyesema hakuwahi kumuona ndama wa mwezi mmoja. Anashindwa nao kabisa! Anaukanyaga. Anauzungusha kama bomba la maji lililochomoka. Anajaribu kushika jani moja, linamponyoka, anapiga magoti anataka kulichukua kwa mdomo, maji pia anakunywa kwa mdomo amelala kifudifudi kwenye ukingo. Inachukua miezi mpaka ajue kuutumia. Utamuona pia anachukua majani yaliyotoka mdomoni mwa mama yake, anaonja, ndio anajifunza kipi kinaliwa, na kingine nacho anakula ni kinyesi cha mama yake, msikunje sura, tumboni anazaliwa hana vijidudu vya kumsaidia kusaga majani, anavitoa pale. Mteja mmoja niliwahi kumpeleka aliniambia nifute picha hiyo, inatia kinyaa. Sikufuta. Ni moja ya picha zangu tatu bora na ipo kwenye hizi za leo.

Halafu yupo bibi. Mwingine hapa hajui kwamba tembo anakuwa na seti sita za magego maishani mwake, zinaingia kwa zamu toka nyuma kwenda mbele, zile za mbele zikichakaa zinamong'onyoka zinasukumwa na zinazofuata. Ya sita ikiisha, umri kama miaka sitini hivi, basi. Hakuna ya saba. Anaanza kutafuta majani laini tu, ndio maana wazee mtawakuta kwenye kinamasi, Silale pale, wamesimama kwenye maji ya tumbo wanavuta matete na nyasi teketeke. Niliwahi kukaa na mmoja asubuhi nzima. Juu ya macho pameingia ndani, paji limebonyea. Anatafuna, anatafuna, halafu anatema donge la nyasi, zimesokotana tu hazijasagika. Anachukua nyingine. Nilipiga lile donge likiwa linaelea kwenye maji mbele ya miguu yake, tembo mwenyewe haonekani ni miguu tu, na watu wengi wakiiona wananiuliza mbona umekata kichwa.

Ukitaka kinamasi cha picha za kupendeza zaidi nenda Amboseli, pale ng'ambo Kenya, nakubali kwa uchungu kwasababu mlima Kilimanjaro ni wetu lakini picha za mlima wetu na tembo mbele yake zinapigwa kule. Wanaingia kwenye maji wanatoka na rangi mbili, chini weusi juu majivu, kama wamevaa soksi ndefu. Tembo wa kule wamezoea magari, wamekuwa wakifuatiliwa na akina Cynthia Moss toka 1972, wanajulikana kwa majina ukoo kwa ukoo. Na kuna kitu kimoja kiligunduliwa huko huko na kikatangazwa 2014 ambacho kinatuhusu sisi tunaopiga kelele kwenye gari, watafiti waliwachezea tembo sauti za watu kwenye spika, sentensi ile ile, Mmasai mwanaume na Mkamba mwanaume, wakishasikia ya Mmasai wanajikusanya zaidi wananusa hewa kwa hofu, kwasababu wamewahi kupigwa mikuki, ya Mkamba wanajali kidogo tu, na sauti za wanawake na watoto wa Kimasai nazo hawakuzihofia vile. Wachaga hatukupimwa, tungewauzia kitu. Ila muelewe, kama anajua lugha na anajua jinsia, basi anajua na wewe unayesema kwa sauti kubwa geuka baba geuka huku.

Adabu zingine mnazijua nitazipitia tu. Usitoke barabarani, TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, watakupiga faini na ni haki yao. Droni bila kibali sahau. Zima injini ila gari likae limeelekea njia ya kutokea, hilo ba'mdogo alinifundisha, usipaki pua imeingia kichakani. Usikate familia katikati, mama upande huu na mtoto upande ule. Dume aliyelowa pembeni ya macho na anadondosha mkojo njiani, huyo mpishe, hana mjadala leo. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazipenda na Tarangire mbung'o wapo, huwezi kushika 1/30 huku unachomwa shingoni. Na ukikutana na mwenye pembe kubwa kweli kweli zima lokesheni kwenye simu kabla hujaposti. Nchi hii ilihesabu tembo kama 109,000 mwaka 2009, ikaja kuhesabu 2014 ikakuta elfu 43 na kidogo. Wale waliokosekana wengi walikuwa na pembe.

Kitu cha mwisho halafu tuangalie picha. Shangazi yangu analima mahindi kule upande wa Kwakuchinja, kwenye ule ushoroba, njia ya tembo wanaopita kwenda Manyara. Mwaka mmoja nilimpelekea picha nimeichapisha vizuri nimeiwekea fremu, tembo watatu wanakula kwenye nyasi za dhahabu jioni, nikamwambia shangazi hii weka sebuleni. Akaitazama sana. Akasema nzuri, hawa wanakula cha Mungu. Halafu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha shamba, walipita usiku wa kuamkia siku ile, mabua yamelazwa kama yamelaliwa na lori, na kwenye mabua mengine mahindi yametolewa mabichi safi kabisa bila kuharibu bua, mtu na vidole vyake asingeweza vizuri vile. Akaniambia piga na hii sasa. Mi nikasita, mwanga ulikuwa mbaya, saa saba mchana. Akasema kwani ile kazi yao na hii si ni mkonga ule ule?

Nilipiga. Haijauzika mpaka leo, na shangazi ile ya nyasi za dhahabu aliigeuzia ukutani kama wiki mbili hivi, halafu akaigeuza ikarudi. Sikumuuliza.

Haya zimeni taa hizo za mbele, kijana wa projekta uko tayari? Picha ya kwanza ni yule dume wa kovu langu, fremu ya hamsini na nane. Angalieni mguu wa mbele, msiangalie nyasi.